Koti Kitini Si Kazi

Kuna koti ambalo kila mwananchi aliyewahi kufuata huduma katika ofisi ya umma analifahamu. Limetundikwa mgongoni mwa kiti, mikono yake inaning'inia, na mbele yake faili moja limeachwa wazi juu ya meza. Ukiuliza, utajibiwa: "Yupo, ametoka kidogo tu." Koti hilo lina utumishi mrefu kuliko watumishi wengi. Limewahi kazini kila asubuhi, limevumilia hadi saa tisa na nusu alasiri, na halijawahi kuomba ruhusa. Jambo moja tu limelishinda, nalo ni kumhudumia mtu.

Siku hizi koti hilo limepata mdogo wake. Si muda mrefu uliopita nilikuwa katika ofisi moja ya umma hapa Tanga, ambayo sitaitaja kwa kuwa kusudi langu si kuisuta. Mzee mmoja, kanzu yake imefuliwa vizuri na karatasi zake amezitia katika mfuko wa plastiki, alifika dirishani. Alikuwa ameamka alfajiri huko upande wa Pangani kufuatilia shauri la shamba lake la minazi. Kijana wa mapokezi alimwamkia kwa adabu: "Shikamoo babu. Bwana anayeshughulikia jambo lako leo anafanyia kazi nyumbani." Mzee akajibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Basi nielekeze nyumbani kwake, nami nimekuja kwa kazi hiyohiyo."

Tuliokuwa pale tulicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa ameuliza swali la haki kabisa, na hakuna aliyekuwa na jibu lake. Ikiwa kazi imehamia nyumbani, je, mwenye shida naye ameonyeshwa njia ya kufika huko? Makala haya yanajaribu kulijibu swali la mzee yule, kwa kuwa watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wengi wa ukurasa huu, hawataweza kulikwepa kwa miaka mingi zaidi.

Wazo la kufanyia kazi mbali na ofisi si geni kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, wakati bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani, Mmarekani mmoja aitwaye Jack Nilles alianza kuchunguza kama makarani wa miji mikubwa wangeweza kuacha kupoteza saa nyingi barabarani, na badala yake kazi ikawafuata walipo kwa njia ya simu. Mwaka huohuo, sisi hapa nchini tulikuwa tukijiuliza swali linalofanana na hilo kwa sababu nyingine. Mwaka 1972 Serikali ilikuwa imeanzisha Madaraka Mikoani, ikawatoa maofisa wengi Dar es Salaam na kuwapeleka mikoani, na Oktoba 1973 TANU ikaamua kuhamishia Makao Makuu Dodoma. Nilles alitaka kumsogeza karani karibu na nyumba yake. Sisi tulitaka kumsogeza ofisa karibu na mwananchi. Tofauti hiyo si ndogo, na hapana budi tuikumbuke kila tunapolizungumzia jambo hili, kwa maana ofisi ya umma haikujengwa kwa ajili ya mtumishi wake.

Leo chombo kimekwisha kupatikana. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019, na mfumo wa Ofisi Mtandao umewezesha faili kupita mezani kwa wakubwa bila tarishi kulibeba kwapani. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu. Januari 27 na 28, 2025, barabara kadhaa za Dar es Salaam zilipofungwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika juu ya nishati, watumishi wa umma wa jiji hilo waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwapo mahali pao. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Tunazungumzia jambo ambalo Serikali yenyewe imekwisha kuliamuru, japo kwa siku mbili.

Faida zake

Ni haki kwanza kueleza mema ya jambo hili, maana wako wakubwa wa ofisi ambao wakisikia "kufanyia kazi nyumbani" hufikiria mara moja shuka na mto. Hiyo ni dhana ya msimamizi asiyejua kazi ya watu anaowasimamia. Mhasibu anayefunga hesabu za mwaka, ofisa mipango anayeandika taarifa, mwalimu anayesahihisha madaftari mia moja na ishirini, wote wanahitaji utulivu. Ofisi zetu nyingi hazina utulivu huo. Chumba kimoja kina meza sita, simu tatu zinalia, na muuza karanga naye anapita. Mtu huyo akipewa siku mbili mahali penye kimya, atarudi na kazi ambayo ingemchukua wiki nzima.

Liko pia suala la mama anayenyonyesha, la mtumishi anayeuguza, la mwenye ulemavu ambaye ngazi za ofisi ni mlima kwake, na la nauli inayokula mshahara kabla haujafika nyumbani. Ni ubinadamu kuyafikiria hayo. Tena kuna mfano wa utafiti. Kampuni ya safari ya Ctrip huko Shanghai, China, iliwajaribu wafanyakazi wake karibu 250 wa kupokea simu za wateja. Waligawanywa kwa kura, nusu wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa, na nusu wakabaki ofisini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015 na mchumi Nicholas Bloom na wenzake, yalionyesha kwamba waliokaa nyumbani walizalisha zaidi kwa asilimia 13.

Lakini watetezi wa nyumbani wakifika hapo hufunga kitabu, ilhali kitabu kina kurasa mbele. Wafanyakazi wale walikuwa wamejitolea wenyewe, na sharti la kukubaliwa lilikuwa kuwa na chumba cha faragha na intaneti nzuri nyumbani. Kazi yao ilihesabika: simu ngapi zimepokelewa. Na hata hivyo, jaribio lilipokwisha na kila mmoja akapewa hiari, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini. Upweke uliwashinda, na waliona kwamba aliye mbali na macho ya mkubwa husahaulika siku ya kupandishwa cheo. Binadamu si tarakilishi, na kazi kwake ni zaidi ya kumaliza hesabu ya siku.

Fimbo ya mbali

Wahenga wa pwani hii walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema pia kwamba uso umeumbwa na haya. Methali hizo mbili zinaonyesha udhaifu mkubwa wa kazi ya mbali katika utumishi wa umma. Mwananchi akisimama mbele ya ofisa, akamwangalia usoni, ofisa yule huona aibu kumwambia "rudi kesho" kwa mara ya nne. Simu haina uso. Huzimwa, au huachwa ikalia hadi ikachoka. Umangimeza, ambao taifa hili limepigana nao tangu Mwongozo wa mwaka 1971 ulipowakataza viongozi kujifanya mabwana, unaweza kurudi kwa sura mpya: zamani ofisa alijificha nyuma ya meza, sasa atajificha hata meza isionekane.

Watu wa Tanga tunalo somo letu wenyewe kuhusu gharama ya umbali. Aliyeifahamu bandari yetu kabla ya upanuzi uliofanywa kati ya mwaka 2019 na 2023 anakumbuka jinsi meli kubwa zilivyotia nanga nje, zaidi ya kilometa moja na nusu kutoka gatini, kwa kuwa kina hakikuziruhusu kusogea. Shehena ilishushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, kisha shehena ikapakuliwa mara ya pili. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili, na siku za meli kukaa bandarini ziliongezeka. Kina kilipochimbwa kufikia mita 13 na gati zenye urefu wa mita 450 kuimarishwa, meli zilisogea zikafunga gatini, na kazi ikawa ya mara moja.

Ofisi isiyopangwa vizuri kwa kazi ya mbali hurudi kwenye enzi za matishari. Mwananchi anakabidhi karatasi kwa kijana wa mapokezi, kijana anazipiga picha, anamtumia ofisa kwa simu, ofisa anauliza swali, kijana hana jibu, mwananchi ameshaondoka. Shauri moja linabebwa mara tatu na halifiki gatini. Zaidi ya hayo, mfumo wenyewe una nanga yake. Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani. Ofisi ambayo kila kitu chake kiko hewani ilijifunza siku hiyo thamani ya daftari la kawaida.

Mwalimu hana pa kwenda

Sasa tufike kwenye haki, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linaponigusa zaidi. Kazi ya nyumbani, kwa hali tuliyo nayo, ni neema ya watu wachache. Anayeweza kuipata ni mtumishi mwenye chumba cha ziada, umeme usiokatika, kompyuta na fedha ya kununulia bando. Mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji cha ndani ya Mkinga au Kilindi hawezi kuwa na watoto sabini nyumbani kwake. Muuguzi wa zahanati hawezi kumzalisha mama kwa simu. Mpagazi wa bandarini na askari wa Horohoro hawawezi. Ikiwa raha ya kubaki nyumbani itakuwa ya maofisa wa mjini peke yao, na jua na vumbi vikabaki kuwa fungu la walimu na wauguzi, tutakuwa tumeunda tabaka jipya katika utumishi mmoja wa umma, na tutakuwa tumelipa jina zuri la maendeleo.

Tena umbali umekwisha kumfikia mwalimu kwa upande wa machungu yake tu. Tathmini ya utendaji ambayo zamani ilijazwa kwa karatasi za OPRAS sasa hujazwa katika mfumo wa PEPMIS. Kwa mwalimu wa mjini hilo ni jambo la dakika chache. Kwa mwalimu ambaye mtandao wake unapatikana juu ya kilima baada ya saa za kazi, ni safari, na bando ni la fedha yake mwenyewe. Ameletewa ofisi mfukoni bila kuletewa posho ya ofisi. Na usiku, saa tatu, ujumbe wa mkubwa wake unaingia katika kundi la simu: taarifa inatakiwa kabla ya asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kazi iliyohamia nyumbani haitambui ukomo huo, kwa kuwa nyumba haina kengele ya kufungia.

Hata hivyo, walimu hawahawa ndio wenye historia inayotufaa zaidi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa liliazimia kila mtoto apate elimu ya msingi, na walimu hawakutosha wala vyuo havikutosha. Ndipo kuanzia mwaka 1976 maelfu ya vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa madarasa vijijini na wakafundishwa ualimu hukohuko. Walisoma kwa njia ya posta na kwa vipindi vya redio, na wakati huohuo walikuwa wakifundisha. Wapo waliowabeza, na ni kweli mapungufu yalikuwepo. Lakini waliobuni mpango ule walielewa jambo moja ambalo leo tunalisahau: hawakumwachia kijana redio na bahasha peke yake. Walimwekea mkufunzi aliyekutana naye ana kwa ana kijijini, akasahihisha mazoezi yake na kumwona akiwa ubaoni. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nayo ilifanya hivyo. Sauti ilitoka redioni, lakini wasikilizaji waliketi pamoja katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Umbali ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na mahali pa watu kukutana.

Linganisha na mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, na juhudi hiyo inastahili sifa. Lakini mtoto alisikiliza peke yake, kama nyumbani kwao kulikuwa na redio na mtu wa kumnyamazisha mdogo wake. Mwalimu yeyote aliyepokea darasa lake mwezi Julai anajua ni nani alisonga mbele na ni nani alirudi nyuma.

Kipimo

Watasema wengine kwamba tatizo lote ni nidhamu, na dawa ni kuwarudisha watu ofisini na kuwawekea daftari la mahudhurio. Hao nawakumbusha lile koti. Daftari la mahudhurio linapima makalio na kiti. Halipimi kazi. Shaaban Robert, mwana wa Machui hapa Tanga, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye alifanya kazi katika ofisi ya wilaya na ya upimaji ardhi hapa mjini. Kazi iliyompa mkate ilikuwa ya mezani ofisini. Kazi iliyolipa taifa lugha yake haikuwa na msimamizi, wala daftari, wala kengele. Mwenye nidhamu ya nafsi huwa nayo popote, na asiyekuwa nayo hata ukimfunga kitini atalala akiwa amekaa.

Na mkoa huu unajua pia hatari ya upande wa pili. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893 ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, mashamba yaliendeshwa kwa kipande. Mfanyakazi alipewa kadi yenye siku 30, na siku haikuhesabiwa kwa kufika shambani. Ilihesabiwa pale tu alipomaliza kiasi cha kazi alichopangiwa. Yule mnyapara hakujali ulianza saa ngapi. Alihesabu mafungu ya majani. Siusifu mfumo ule, maana ulikuwa chombo cha unyonyaji, na aliyepanga kiasi cha kazi hakuwa yeye aliyeinama juani. Nautaja kwa sababu unatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi inaweza kupimwa kwa kilichokamilika, na kwamba kipimo kikipangwa na upande mmoja peke yake huwa mjeledi.

Lifanyike nini?

Kwanza, kila ofisi itenganishe kazi zake. Zipo za dirishani, ambazo mwananchi anazifuata kwa miguu yake, na zipo za kuandika, kuhesabu na kupanga. Za dirishani zisihamishwe kamwe bila mtu mwingine mwenye mamlaka ya kusaini kuwapo mahali pake. Kusema "fulani yuko nyumbani" kusiwe jibu. Jibu liwe jina la anayeshika nafasi yake leo.

Pili, anayefanyia kazi nyumbani apimwe kwa mashauri aliyoyamaliza, na kipimo hicho kipangwe naye, si juu yake. Kipimo hichohicho kitumike kwa aliyeko ofisini. Hapo koti litakosa ajira.

Tatu, gharama zigawanywe kwa haki. Taasisi inayomtaka mwalimu au ofisa atumie mtandao kwa kazi ya umma imlipie mtandao huo, au imwekee mahali karibu atakapoutumia. Na saa za kupumzika ziheshimiwe na wakubwa kwanza.

Nne, ikiwa teknolojia inaweza kumwondolea ofisa safari ya kilometa tano, ianze kumwondolea mzee wa Pangani safari yake. Ofisa wa kata na mwenyekiti wa kijiji wapewe uwezo wa kupokea shauri, kulituma na kulipatia majibu. Hayo ndiyo Madaraka Mikoani ya zama hizi: huduma isogee, na mtumishi aifuate.

Mzee yule niliyemwacha dirishani aliketi kwenye benchi hadi adhuhuri. Kijana wa mapokezi, kwa hisani yake mwenyewe, alimpigia ofisa mara kadhaa, na mwisho simu ikapokelewa. Shauri lenyewe lilihitaji maneno matatu na sahihi moja. Ofisa aliahidi kwamba atasaini kesho, akifika. Mzee akakunja mfuko wake wa plastiki, akaaga, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Alikuwa amesafiri asubuhi nzima ili kufika ofisini, na ofisi ilishindwa kusafiri hatua moja kumfikia. Ndugu mtumishi mwenzangu, ukae nyumbani au ukae kitini, mzee huyo atakuwapo tena kesho. Swali atakalouliza halitakuwa uko wapi. Atauliza kama jambo lake limekwisha.